Kuunganisha printa na kompyuta ya nyumbani: anza na waya

Mwaka jana dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi kule Korogwe, alinunua printa ya matenki ya wino. Alikuwa amechoka kupanga foleni stesheneri kila anapotaka kutoa mitihani ya majaribio. Printa ikakaa ndani ya boksi wiki 3 mpaka shule zilipofunga, na siku aliyoifungua akanipigia simu usiku.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Hii printa nimeiwasha vizuri, ila kompyuta haiioni kabisa. Nahisi nimeuziwa mbovu."

"Ule waya unaotoka kwenye printa kwenda kwenye kompyuta, umeuchomeka upande gani?"

"Waya upi tena? Humu ndani nimekuta mmoja tu, wa umeme."

Printa haikuwa mbovu. Printa nyingi za nyumbani huuzwa bila waya wa USB, na muuzaji asipokukumbusha unafika nao nyumbani upungufu huo bila kujua. Tangu usiku ule nimewasaidia ndugu na majirani kadhaa kwa simu, na karibu kila mara shida inakuwa ile ile: mtu ameunganisha vitu vitatu au vinne kwa mpigo, kimoja kimegoma, naye hajui ni kipi. Kwa hiyo mwongozo huu una utaratibu mmoja ninaousisitiza. Hakikisha printa inafanya kazi yenyewe kwanza, kisha iunganishe kwa waya, halafu ndipo uende kwenye Waifai. Ukifuata hivyo, pale itakapogoma utajua papo hapo tatizo liko wapi.

Ukiwa bado dukani

Nunua waya wa USB wa printa hapo hapo. Ncha yake moja ni bapa kama ya flashi, hiyo inaingia kwenye kompyuta. Ncha ya pili ni ya mraba, pembe zake mbili za juu zimekatwa kidogo, nayo inaingia nyuma ya printa. Mita 1.5 au 2 zinatosha kabisa. Usivuke mita 5, maana hapo ndipo mwisho wa waya wa kawaida wa USB 2.0, na ukizidi hapo printa inaanza kuonekana na kupotea. Kama laptopu yako ni nyembamba na ina yale matundu madogo tu yanayofanana na tundu la chaji ya simu za sasa, omba waya wenye ncha hiyo, au kiunganishi cha kugeuza.

Ukinunua iliyotumika, geuza printa usome kibandiko cha umeme kabla hujalipa. Kikiandikwa 100–240V, iko salama kwa soketi zetu za 230V. Kikiandikwa 120V peke yake, hiyo ilitengenezwa kwa soko la Marekani, na ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza siku hiyo hiyo. Uliza pia habari ya katriji, vile vikasha vya wino vinavyobadilishwa. Baadhi ya printa za katriji zimefungwa kwa ukanda wa dunia zilikouzwa, na katriji ya duka la hapa zinaikataa. Vilevile zipo printa za HP ambazo namba ya modeli inaishia na herufi e. Zikishasajiliwa kwenye mpango unaoitwa HP+, zinataka intaneti muda wote na wino wa HP tu. Kwa nyumba inayoishi kwa bando la wiki, hilo ni jambo la kulijua mapema.

Mahali, umeme na wino

Weka printa kwenye meza isiyotikisika, iliyolala sawa, mbali na dirisha la vumbi. Toa plastiki na gundi zote za rangi, za nje na za ndani. Inua mfuniko wa skana, chungulia, pitisha kidole. Kipande kimoja cha gundi kikibaki karibu na kichwa cha kuchapia, kichwa hakitembei, na printa itawasha taa ya hitilafu utakayoihangaikia siku nzima.

Plagi ikiwa ya pini mbili, tumia adapta. Ile tabia ya kuingiza kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili pini mbili zipite, tafadhali iacheni, hasa nyumba yenye watoto wanaotazama na kuiga.

Printa ya wino ya nyumbani inakula umeme mdogo. Nyingi hazifiki wati 30 zikiwa zinachapa, kwa hiyo hata inveta ndogo ya sola inaimudu. Printa ya leza ni habari nyingine. Ndani yake kuna rola linalopashwa moto hadi karibu nyuzi 200 ili kuyeyushia unga wa tona kwenye karatasi, na kila linapopashwa huvuta mamia ya wati kwa ghafla. Usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta, lile boksi la betri ya akiba. Chomeka kompyuta huko, leza iende ukutani, ikiwezekana kupitia kilinda umeme kama kile cha friji.

Sasa wino. Kabla hujafungua chupa, kaangalie uniti za LUKU. Nasema hivi kwa sababu printa ya matenki inapojazwa mara ya kwanza inauvuta wino kutoka kwenye matenki kuupeleka kwenye kichwa, na kazi hiyo inaweza kuchukua hadi dakika 20 hivi. Umeme ukikatika katikati, mirija inabaki na hewa, na inaweza kukubidi uanze kusafisha kichwa huku wino ukipotea. Jaza tenki moja moja, rangi kwa rangi, ukisoma lebo ya chupa na lebo ya tenki. Ishike chupa wima, usiikamue. Kisha bonyeza kitufe ambacho kitabu chake kinaelekeza, uiache. Itanguruma, itanyamaza, itanguruma tena. Usiiguse mpaka taa iache kumeta.

Ijaribu bila kompyuta

Hatua hii watu wengi huiruka, na mimi naiona kuwa ndiyo muhimu kuliko zote. Kama printa yako ina skana juu, weka karatasi kwenye trei, weka kitambulisho chako juu ya kioo, funga mfuniko, bonyeza kitufe cha kopi. Kompyuta bado haijahusika popote.

Kopi ikitoka safi, umeshajua mambo manne kwa mpigo: umeme upo, wino umefika kwenye kichwa, karatasi inavutwa, na skana inasoma. Kuanzia hapo kitu chochote kitakachogoma ni cha waya au cha kompyuta, na printa yenyewe usiilaumu tena. Isipotoka, hakuna haja ya kuigusa kompyuta. Rudi kwenye gundi, wino na karatasi. Printa isiyo na skana nayo ina njia ya kutoa ukurasa wa majaribio kwa vitufe vyake, na njia hiyo imo kwenye kijitabu cha ndani ya boksi.

Kuiunganisha kwa waya kwenye Windows

Majina ya menyu nayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa sababu kompyuta nyingi za kwetu zimewekwa Kiingereza.

1. Washa kompyuta mpaka itulie. Washa printa. Chomeka waya, ncha ya mraba kwanza kwenye printa, kisha ncha bapa moja kwa moja kwenye kompyuta. Usipitishe kwenye kigawanyio cha USB kwa mara ya kwanza. Ukikuta tundu la printa limefunikwa kwa stika inayosema usichomeke waya bado, itii stika: anza na programu ya printa hiyo, nayo itakuambia wakati wa kuchomeka.

2. Subiri dakika 2. Windows 10 na 11 zinatambua printa nyingi zenyewe.

3. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I. Kwenye Windows 11 ingia "Bluetooth & devices", kisha "Printers & scanners". Kwenye Windows 10 ingia "Devices", kisha "Printers & scanners". Jina la printa yako likiwa kwenye orodha, kazi kubwa imekwisha.

4. Lisipokuwepo, bofya kitufe cha kuongeza printa kilicho juu ya orodha, uiache itafute.

5. Bofya jina la printa, tafuta "Print test page". Ukurasa wa majaribio ukitoka, umefika.

Hatua ya 3 inaweza kukwama kwa sababu ya draiva, ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta lugha ya printa yako. Hapa watu wa bando tuna mtego wetu. Chini ya ukurasa huo huo wa "Printers & scanners" kuna swichi inayosema "Download drivers and device software over metered connections". Kama umeiambia kompyuta kwamba intaneti yako ni ya kupimwa, na swichi hiyo imezimwa, Windows haipakui draiva. Iwashe, chomoa waya, chomeka tena, subiri. Ukimaliza, izime.

Ikishindikana hata hapo, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, iwe Epson, Canon, HP au Brother, uandike namba ya modeli kama ilivyo kwenye uso wa printa, herufi kwa herufi. L3210 na L3250 zinafanana kwa sura, lakini ya pili ina Waifai na ya kwanza haina. Usipakue draiva kutoka tovuti ya kwanza inayojitokeza ukitafuta, zile zinazokuahidi kusasisha kila kitu ndani ya kompyuta. Ukifika kwenye tovuti halisi utakuta vifurushi viwili au zaidi. Kifurushi kizima kinaweza kufika mamia ya megabaiti, kikiwa na programu za picha na za kalenda ambazo hutazifungua. Tafuta draiva ya msingi tu, na ya skana kama unaihitaji. Mara nyingi Windows huweka draiva ya jumla inayochapa vizuri lakini haioneshi kiwango cha wino wala haiskani. Ikiwa unachapa tu, hiyo inatosha.

Faili la draiva ukishalipata, lihifadhi kwenye flashi, uliweke ndani ya boksi la printa. Mwaka 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za watengenezaji kupitia Windows Update, ikielekea kwenye draiva moja ya pamoja inayozihudumia printa za kisasa. Printa za zamani ndizo zitakazoumia, na siku kompyuta yako itakapofutwa na kuwekwa Windows upya utaitafuta flashi hiyo.

Wenye Mac kazi yao ni fupi: "System Settings", kisha "Printers & Scanners", kisha ongeza. Printa zenye AirPrint, mfumo wa Apple wa tangu 2010, hazihitaji draiva kabisa. Kwenye Ubuntu ukichomeka waya mara nyingi printa inajiweka yenyewe. Isipojiweka, fungua kivinjari uandike localhost:631, utaingia kwenye CUPS, mfumo unaosimamia uchapaji humo.

Mambo mawili ya kurekebisha siku hiyo hiyo

La kwanza ni saizi ya karatasi. Karatasi yetu ni A4, milimita 210 kwa 297. Kompyuta nyingi hutoka kiwandani zimewekwa Letter, karatasi ya Marekani, milimita 216 kwa 279. Tofauti ni ndogo kwa macho, ila printa inaiona. Dalili yake ni hii: trei imejaa karatasi, lakini taa inameta na kompyuta inasema hakuna karatasi. Au ukurasa unatoka na mstari wa mwisho umekatwa. Dada yangu alipoteza nusu rimu kwa sababu swali la mwisho la mtihani lilikuwa likienda ukurasa wa pili peke yake. Ingia "Printing preferences" za printa yako, weka A4, uhifadhi. Kisha fungua Word, nenda "Layout", "Size", uweke A4 huko pia. Ukirekebisha upande mmoja tu, tatizo litarudi.

La pili ni printa chaguomsingi, ile ambayo kompyuta huipelekea kazi yenyewe usipochagua nyingine. Ukibofya kuchapa halafu kikatokea kisanduku kinachokuuliza uhifadhi faili wapi, kompyuta imepeleka kazi yako kwa "Microsoft Print to PDF", ambayo si printa ya kushikika. Kwenye "Printers & scanners" zima "Let Windows manage my default printer", kisha bofya printa yako na uchague iwe ya kudumu.

Sasa Waifai, kama unaihitaji

Kompyuta moja iliyo meza moja na printa haihitaji Waifai. Waya hauulizi nenosiri. Lakini kama watoto wanataka kuchapa kutoka kwenye simu, au laptopu ni mbili, endelea.

Printa nyingi za bei ya kawaida zinasikia masafa ya 2.4 GHz tu. Ruta, kile kifaa kinachogawa Waifai nyumbani, ikitoa mtandao wa 5 GHz peke yake, printa haitauona hata ukiisogeza karibu. Kama ruta ina kitufe cha WPS, kibonyeze, kisha ndani ya dakika 2 bonyeza kile cha Waifai kwenye printa, vitaelewana vyenyewe. Kama haina, tumia programu ya simu ya mtengenezaji, au skrini ya printa ukiandika nenosiri kwa utulivu, ukiheshimu herufi kubwa na ndogo. Usiiweke printa kwenye mtandao wa wageni, maana mtandao huo huzuia vifaa visionane.

Nyumba nyingi hazina ruta, zina hotspoti ya simu. Inawezekana pia. Kwenye iPhone 12 na za baada yake washa "Maximize Compatibility" ili hotspoti itoke kwa 2.4 GHz. Kwenye Android chagua masafa hayo katika mipangilio ya hotspoti. Unganisha printa na laptopu kwenye hotspoti hiyo hiyo. Nyaraka unazochapa zinapita humo humo ndani, hazili bando. Shida ni kwamba simu ikitoka na mwenyewe kwenda sokoni, printa inabaki yatima. Ndiyo maana kwa nyumba ya namna hiyo napendelea Wi-Fi Direct: printa inatoa mtandao wake yenyewe, wenye jina linaloanza na DIRECT, unaunganisha laptopu au simu moja kwa moja, unachapa, unarudi kwenye intaneti yako.

Printa iliyo kwenye ruta ikiwa inachapa leo na kesho inasema "Offline", huenda ruta imeipa anwani mpya baada ya umeme kukatika na kurudi. Toa ukurasa wa hali ya mtandao kutoka kwenye printa, usome anwani yake, mara nyingi huanza na 192.168. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uitengee printa anwani hiyo iwe yake daima.

Ikigoma baada ya kuzoeana

Kuna ugonjwa mmoja unaowapata watu wa waya. Unachapa, kompyuta inasema printa haipo, na wewe unaiona inawaka mbele yako. Angalia orodha ya printa: kuna mbili, moja ina jina la kawaida na nyingine imeongezwa "Copy 1". Maana yake umechomoa waya na kuuchomeka kwenye tundu jingine la USB, Windows ikadhani ni printa mpya. Rudisha waya kwenye tundu la kwanza, ile ya "Copy 1" uiondoe. Mimi huweka nukta ya rangi ya kucha kando ya tundu la printa.

Ugonjwa mwingine ni foleni iliyoganda. Faili moja limekwama, ukilifuta linaandika "Deleting" na halifutiki, na yote ya nyuma yake yanasubiri. Zima printa. Kwenye kompyuta tafuta cmd, ibofye kwa kitufe cha kulia, uifungue kwa mamlaka ya msimamizi. Andika net stop spooler, bonyeza Enter. Fungua folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS ufute mafaili yaliyomo ndani, folda yenyewe uiache. Andika net start spooler, Enter. Washa printa, tuma kazi upya, mara moja tu. Kubofya kuchapa mara sita kwa hasira ndiko kunakojaza foleni.

Kuizima

Zima printa ya wino kwa kitufe chake, usubiri taa izimike, ndipo uzime swichi ya ukutani. Ukiizima kwa kitufe, kichwa kinarudi pembeni na kufunikwa ili wino usikauke. Ukikata umeme ukutani kikiwa katikati ya njia, kinabaki wazi usiku kucha. Umeme ukikatika wenyewe, ukirudi iwashe na kuizima vizuri hata kama huna cha kuchapa. Kila wiki toa ukurasa mmoja wenye rangi zote.

Mistari mitupu ikianza kutokea kwenye maandishi, safisha kichwa kutoka kwenye menyu ya printa, lakini isizidi mara 3 mfululizo. Kila usafishaji unamwaga wino halisi kwenye sponji ya taka iliyo ndani, na sponji hiyo nayo hujaa. Baada ya mara ya tatu izime ilale mpaka kesho, kisha asubuhi weka kitambulisho chako tena juu ya kioo utoe kopi moja uitazame.